Mtoto Si Mkate

Baba Kijacho,

Chai iko kwenye chupa. Ukimaliza kupasha chakula, funga gesi kwenye mtungi wenyewe, siyo kwenye jiko tu.

Nimeenda hospitali kuanzishiwa uchungu. Ndiyo, ni leo. Nilikutikisa bega nikakwambia natoka. Ukanijibu huku umefumba macho, "Toa hizo trei, zinaungua!" Ukageukia ukutani. Nikacheka peke yangu mpaka teksi ikapiga honi, hapo kicheko kikakata. Nikakuacha. Najua umekesha kwenye tanuri.

Mwambie mama yako aache kutangaza kwamba mchana anapata mjukuu. Mtoto si mkate. Nesi alishanieleza: kwanza wananiwekea dawa ya kulainisha mlango wa uzazi, halafu ni kungoja tu, pengine mpaka kesho. Isiposaidia natundikiwa dripu, na uchungu wa dripu huja kwa kishindo. Watakuwa wanasikiliza mapigo ya moyo ya mtoto. Mimi wa kunisikiliza sijui ni nani.

~~Usije mpaka nikupigie.~~

Njoo ukiamka. Oga kwanza, una unga hadi masikioni. Na ulete shuka la mtoto, nimelisahau kwenye kamba.

Fulana yako ya kazini usiitafute. Ninayo mimi, chafu hivyo hivyo, bado inanukia mkate. Nesi alisema nisije peke yangu, nije na mtu wa kumshika mkono.

Mama Kijacho