Shikamoo ya Chini ya Maji

Shoga uko wapi? Acha kila kitu. Shemeji yako amefeli mtihani wa kupiga mbizi kwa sababu ya adabu. ADABU!

Leo ilikuwa mbizi ya mwisho baharini wapewe vyeti, yeye na mama yangu. Si unakumbuka mama alivyojiunga kwa ubishi tu? Mwalimu akawapanga wawili wawili, akamuunganisha mume wangu na mama mkwe wake. Yule ambaye tangu harusi hajawahi kumtazama usoni!

Zoezi lenyewe unajifanya umeishiwa hewa, unamfuata mwenzako, unachukua mpira wake wa hewa wa akiba unaoning'inia kifuani, unapumua. Basi.

Shemeji yako katoa wake mdomoni, kamsogelea mama, kakiona hicho kifua, kasita.

Shoga, AKAINAMA AKAMWAMKIA. SHIKAMOO. Chini ya maji! Hana hewa!

Mapovu matupu.

Na mama unamjua, salamu haimpiti. Akachomoa mpira wake mdomoni aitikie MARAHABA 😭

Mwalimu kawapandisha wote wawili kawashika makwapani. Mimi niko kwenye boti na taulo, nawaona wanakohoa maji ya chumvi huku wanaombana radhi.

"Kwa nini hukuchukua hewa?" mwalimu akafoka.

"Ningeanzaje kumgusa mama kifuani, hata sijamsalimia?"

Mama kaninunia MIMI. Eti nacheka, mkwe wake ana adabu kunizidi.

Kesho wanarudia. Mwalimu kaagiza wasalimiane kwenye boti, wamalize mpaka habari za nyumbani, ndipo wazame.