Maikrowevu ya Mama

Wifi yangu,

Hatujambo. Maikrowevu uliyomtumia mama yako ilifika salama. Siku ya kwanza aliingiza sahani yenye ukingo wa dhahabu, cheche zikaruka, akapiga ukelele, "Binti yangu kaniletea bomu!" Tulicheka mpaka machozi. Basi nikamfundisha: tumia bakuli la kioo, funika ukiacha upenyo, koroga chakula kabla hakijaiva, kisha ukiache kitulie. Sasa amekuwa fundi, na mashine imehamia chumbani kwake.

Nikimwita mezani hujibu nyuma ya mlango, "Nimeshakula, mwanangu, msijisumbue." Kaka yako hula macho yakiwa kwenye kiti kitupu cha mama.

Nilifurahi kumfundisha, wifi. Laiti ningalimfundisha polepole.

Akupendaye,
Mke wa kaka yako