Kwa Dada Nosim, Uliyekataa Kuwahesabu Watoto

Mwaka umetimia leo, dada yetu Nosim binti Saning'o, tangu tulipokuzika hapa Kijenge katikati ya masika. Migomba uliyoipanda kando ya mto imezaa, na watu wamekula. Baba yetu, mzee Saning'o, akisikia mtoto analia njiani bado hugeuka kukutafuta. Kisha hukumbuka.

Ulikuwa mkali, tusidanganyane. Mzazi aliyechelewa kumfuata mwanawe alipata maneno yake mbele za watu, hata awe mkubwa kiasi gani. Lakini mtoto mwenye kamasi ulimfuta kwa nguo yako mwenyewe, na uji hukuuonja mpaka wa mwisho wao ameshiba. Wote walikuita yeyo, kama walivyowaita mama zao.

Ulianza kuwatunza watoto mwaka ule watu walipoitwa na serikali kutengeneza barabara ya kwenda mto Usa, wanaume kwa wanawake. Mtoto wa jirani alitambaa hadi mafigani akaungua mikono, mama yake akiwa barabarani anabeba mawe. Kesho yake ulisimama njiani alfajiri, ukawaambia akina mama, "Leteni hao wadogo kwangu. Nyinyi nendeni mkabebe mawe yao." Mwaka wa kwanza tulidhani utachoka. Hukuchoka.

Bibi Batuli, mke wa mfanyabiashara Jamaldini, alikuja kukusaidia. Yeye ni mtu wa Pangani, nawe Kiswahili chako kilikuwa cha kuombea maji tu, lakini mlielewana. Watoto walichambua maharage kwa rangi, walisuka makamba ya migomba, walijifunza kungoja zamu na kutaja jina la baba na la boma lao ili wakipotea warudishwe. Wengine walimcheka Batuli: mtoto wa miaka mitatu atafunzwa nini? Naye aliwajibu, "Udongo uwahi ungali maji." Mwalimu Sadoki wa shule ya misheni alikuja kutuambia mwenyewe: "Hawa waliotoka kwa Nosim, siku ya kwanza tu wanasikiliza na wanauliza. Wengine nahangaika nao mwaka mzima kabla hawajatulia." Siku hiyo ulijifanya huna habari, lakini usiku ule uliimba.

Kilichokosekana kilikuwa paa. Watoto walikaa chini ya migomba, na mvua ikinyesha walikaa majini. Ndipo ukaja kwenye boma la serikali, miguu mitupu, kumwomba bwana mkubwa mabati na unga. Uliuliza: kama kodi yetu inajenga barabara, kwa nini isiwajengee watoto wa wanaoijenga? Mimi, mdogo wako Gidion, karani wa boma, nilikuwa mkalimani. Bwana mkubwa hakukasirika. Alichukua kalamu akauliza watoto ni wangapi.

Ukasema, "Mwambie wote wapo."

"Wote ni wangapi?"

"Wote ni wote. Gidion, wewe umezaliwa wapi? Sisi hata ng'ombe hatuwanyooshei kidole tukawahesabu, sembuse mtoto wa mtu! Nawajua mmoja mmoja. Akikosekana mmoja, moyo unaniambia."

Nilitafsiri nusu yake. Bwana mkubwa akaweka kalamu chini, akasema serikali haijengi pasipo kujua inamjengea nani. Ukarudi nyumbani huna kitu.

Dada, maneno haya yanayofuata hukuwahi kuyasikia kwangu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Asubuhi moja ya Septemba nilisimama nyuma ya migomba yako nikawahesabu watoto kama magunia. Walikuwa thelathini na wanne. Nikaandika barua nzuri sana, nikaipeleka kwa wakubwa wa serikali huko pwani, nikajiona mwenye akili kuliko mila zote za Waarusha. Nilimwambia mke wangu Resiato peke yake, na jambo la watu wawili si siri.

Novemba vuli ilikuja kwa nguvu. Mtoto Simel, mwana wa mama Simaloi, alipata homa, na siku ya nne akafariki. Kabla ya matanga kwisha akina mama walikuwa wamekwisha sema: watoto wamehesabiwa, ndiyo maana kifo kimeingia. Walikujia uani kwako. Ukaniita mbele yao, ukaniuliza, "Gidion, uliwahesabu?" Nikasema la. Ukawageukia, ukawaambia, "Mmesikia. Ndugu yangu hawezi kufanya hilo."

Hawakukuamini. Waliwachukua watoto wao. Nawe ukaanza kwenda mlango kwa mlango na chungu cha uji kichwani, kwa kuwa mama zao walikuwa barabarani na wadogo walikuwa wamefungiwa ndani. Ulikwenda hivyo hadi masika. Kichomi kikakukamata Aprili, na wiki haikuisha.

Jibu la barua yangu lilikuwa limefika Februari. Sikukuonyesha. Lilisema shule za serikali ni za wanaoweza kufunzwa ukarani na ufundi, na hao wadogo watunzwe na mama zao. Siku niliyolisoma, mama zao walikuwa wakivunja kokoto kwa amri ya serikali hiyohiyo.

Tunayaandika haya gazetini ili yasomwe na wenye mamlaka na wenye watoto pia. Hesabu haikumuua Simel. Alikaa siku tatu kwenye maji kwa sababu hapakuwa na paa juu yake. Ningalisema kweli siku ile uani, hasira ya akina mama ingaliniangukia mimi, na pengine wangaliketi na wewe wakadai mabati. Uongo wangu ndio uliotawanya watoto. Kwa hili ninaona aibu, na sijui nimwombe nani msamaha, maana wewe uliyepaswa kunisamehe hupo tena.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa Simaloi nikamweleza yote. Hakunikaribisha kuketi. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Yeyo Nosim alikuja kwangu na uji hata baada ya mimi kumtukana. Nendeni mkajenge hilo paa. Wewe usiniangalie." Jumatatu alikuja Kijenge na mzigo wa nyasi za kuezekea, akautua mbele ya Batuli, akaenda zake kazini. Mabati bado tunayaomba.

Wanaokukumbuka: baba yako mzee Saning'o, mwanao Bariki, wifi yako Resiato, rafiki yako Batuli na mumewe Jamaldini, mwalimu Sadoki, Simaloi, mama yake marehemu Simel, ambaye ameomba mwenyewe jina lake liandikwe hapa, na mimi Gidion, mdogo wako, niliyewahesabu.

Maadamu tu hai, Nosim, hutatoka mioyoni mwetu.

Arusha, Aprili 1912