Mashine ya Mayai na Ndoo Nne za Maji

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi nisikilize tu, maana mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na nane, mkulima wa alizeti hapa Nduguti, sijawahi kuandika barua ya namna hii, lakini mke wangu Rahel amerudi kwao Misigiri, leo ni wiki ya tatu, na kosa ni lake ila watu wote wananitazama mimi.

Mwezi wa tano Rahel alinunua mashine ya kutotolesha vifaranga, kwa hela ya kuku wake, hilo sikatai, na mwezi huo huo mama yangu mzazi akahamia kwetu kwa ajili ya uzee, na kwa kuwa baridi ya huku si ya mchezo nikamletea ile hita ya kuchovya kwenye ndoo ili asisubiri kuni, akawa anaoga maji ya moto asubuhi na jioni, na mimi nikaona isikae bure, nikawa naoga nayo vile vile asubuhi na jioni. Sasa Mshauri, uniti hamsini zilizokuwa zinatufikisha miezi miwili zikaanza kuisha kwa siku tisa. Siku tisa. Na kila mwenye macho anaona kinachokula ni nini, maana ile mashine iko kwenye umeme mchana na usiku, balbu yake inawaka, inazima, inawaka tena, inang'aa tu pale chumbani, wakati hita haina hata taa, unaichovya nusu saa, maji yakipata moto unachomoa, basi.

Nilipomwambia aichomoe mashine alinijibu, "Baba Manase, kinachomaliza umeme ni hita yako, siyo mayai yangu." Niambie wewe, mke akisema hivyo si anamnyima mama mkwe maji ya kuoga? Mama alisikia, na jioni ile hakuoga, nami nikapandwa na hasira, na Rahel alipokwenda msibani siku mbili nikaichomoa mashine nikaifungia stoo na mayai yake ndani. Sikujua kwamba yalikuwa na siku kumi na nane tangu yawekwe humo. Yalikuwa mayai themanini, nusu yake ya akina mama majirani, wao wanaleta mayai na yeye anawatotoleshea halafu wanagawana vifaranga. Aliporudi alivunja yai moja mbele yangu, ndani mlikuwa na kifaranga kamili chenye manyoya, kimekufa. Alimbeba mtoto akaondoka.

Jumamosi nakwenda Misigiri na baba mdogo Hezekia kumwomba arudi. Naomba unipe maneno ya kumwambia ili yeye arudi lakini mashine iuzwe. Tena nadhani imeniharibia na mita, maana mashine iko stoo mpaka leo na uniti hamsini nyingine zimeisha juzi, siku ya kumi na moja tu.

Bonifasi, Nduguti


Baba Manase,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilikuonea huruma, ya pili nilitamani nikushike sikio.

Mita yako ni nzima. Ukimtoa Rahel, mita ndiyo peke yake iliyokuwa inakuambia ukweli humo ndani. Mashine umeifungia stoo, mke yuko kwao, na uniti hamsini bado zimekwisha kwa siku kumi na moja. Jibu umeliandika mwenyewe kwenye mstari wako wa mwisho, halafu ukanitumia mimi nikutafutie maneno ya kuuza mali ya mwenzako.

Nani alikudanganya kwamba kinachong'aa ndicho kinachokula? Igeuze hiyo hita, utaona pameandikwa wati. Hita nyingi za namna hiyo zinafika elfu mbili. Wati ni kasi ya kula. Kifaa cha wati elfu moja kikikaa saa nzima kimekula uniti moja. Cha elfu mbili kinaimaliza uniti hiyo kwa nusu saa, na nusu saa ni ndoo yako moja. Sasa soma na mashine ya Rahel. Mashine ndogo ya mayai themanini huwa na wati kama themanini hivi. Ile balbu ilipokuwa inazima, wewe ukaona inakuchokoza, kumbe joto limetosha na mashine imepumzika. Kutwa kucha inakula kama uniti moja.

Kwa hiyo mayai themanini, mchana na usiku, ni sawa na ndoo moja ya maji ya moto. Ninyi mlikuwa mnachemsha nne kwa siku. Kikulacho ki nguoni mwako, baba, na chako kilikuwa bafuni.

Tena ndoo mbili kati ya hizo ni zako. Ulijificha nyuma ya kanga ya mama yako, na mkeo aliposema kweli ukamwita mnyimaji. Mimi pia ni mama mkwe. Ningependa mwanangu aniambie, "Mama, hii hita inatumaliza," kuliko kunifanya ngao yake. Mama yako hakuomba hita, na siku ile hakuoga kwa sababu alikuwa na aibu ambayo wewe hukuwa nayo.

Sasa sikiliza. Leo hii mwite baba mdogo Hezekia, kaeni na mama mbele ya mita. Zima vyote. Soma namba, chemsha ndoo moja, soma tena. Kisha washa mashine nusu saa ile ile, soma tena. Usiongee, waache waone.

Ukimaliza, pita kwa wale akina mama nyumba kwa nyumba, wewe mwenyewe, usimtume mtu. Sema ulilofanya. Walipe yai kwa yai, na yawe mayai ya kuku wenye jogoo.

Misigiri nenda, ila Hezekia asianze kusema kabla yako. Mwambie Rahel mbele ya wazazi wake, "Ulisema kweli, mimi nikaigeuza kuwa dharau." Ishia hapo. Wakikutoza kitu, toa. Neno la kuuza mashine likikutoka kinywani, geuza urudi, maana utakuwa umempotezea muda.

Mama aendelee kuoga maji ya moto, ya kuni, na kuni utapasua wewe. Hita ibaki ya siku anayoumwa.

Na wewe, Baba Manase, siku Rahel atakapopanga mayai mapya, ndiyo siku utakayoanza kuoga maji baridi mpaka vifaranga vitoke. Ni siku ishirini na moja. Safari hii uzihesabu.

Mama Anastazia