Pointi Mia Sita na Arobaini

Baba Chepkurui,

Nimeenda chama. Chai iko kwa thamosi.

Asubuhi ulisema pointi za kadi yako ya supamaketi zitatununulia godoro. Ulipoenda kupeleka majani ya chai, nikapigia hiyo supamaketi ya Kericho nikauliza. Pointi zote mia sita na arobaini ni shilingi sitini na nne. Kwa hizo, miaka mitatu tumelipa nauli ya Kericho tukipita duka la Janefer hapa Merigi.

~~Endelea tu.~~ Kadi nimeiweka chini ya mguu wa meza. Sasa meza haichezi.

Sukari imeisha, nunua kwa Janefer. Yeye hana kadi, lakini tulipomzika mama yako alileta nusu gunia ya sukari na hajawahi kuitaja. Akiuliza tumekuwa wapi, utamjibu wewe.

Mama Chepkurui