Kikomo Nilichokiweka Arobaini

Nkuku Gaonyadiwe, bibi na mshauri wetu mpendwa,

Naomba unisaidie maana nimechoka hata chakula hakipiti, mimi ni fundi wa mitambo ya hewa na joto kwenye hospitali moja hapa Francistown, vidhibiti vyetu vyote vya joto la wodi viko kwenye waya mmoja na vinaongea kwa zamu, kimoja kikimaliza kinakiita chenye namba inayofuata na kukipokeza zamu, sasa mwaka jana niliona vinapoteza muda kuita namba zisizokuwepo nikaweka kikomo cha kuita kiwe arobaini, namba ya juu ya hapo isiitwe, sikuandika popote wala sikumwambia mtu, basi Juni hii bosi wangu Rre Modisaotsile, aliyenifundisha kazi, akafunga kidhibiti kipya cha wodi ya watoto wachanga akakipa namba arobaini na tano, hakikuitwa hata mara moja, wodi ikawa baridi, wauguzi wanarundika mablanketi, mzee akafumua dari akitafuta waya mbovu, wiki ya pili ndipo nikakumbuka kikomo changu lakini nikaona haya, siku nne nzima namshikia ngazi huku najua, mwishowe alipoenda chai nikapandisha kikomo kimyakimya na joto likarudi. Sasa wakubwa wanasema amezeeka, Ijumaa wanamwachisha kazi na nafasi yake napewa mimi. Jana ananiambia, "Mwanangu, huu waya una kiburi kuliko mama mkwe wangu, bora nirudi kwa ng'ombe zangu," nikacheka naye. Niseme, au ninyamaze maana wodi imeshapona?

Tshenolo

Tshenolo mwanangu,

Barua yako nimesomewa mara mbili, na ya pili nimetamani ungekuwa karibu nikuvute sikio. Mambo ya waya siyajui, sikusoma. Kusahau nakujua, mkono unaofanya kazi hukosea. Lakini zile siku nne hukusahau. Watoto wa watu wanatetemeka, mzee kajaa vumbi la dari, wewe unalinda uso wako. Na usiniambie wodi imepona. Modisaotsile anaamini mikono yake imekufa, na wewe ndiye uliyemwaminisha.

Usingoje Ijumaa. Leo hii mchukue mjomba wako mwende nyumbani kwake, msamaha wa namna hii mtu haombi peke yake. Kaa chini, umwambie kwa mdomo wako nani aliweka kikomo. Atakutukana, mwache amalize. Kesho asubuhi waandikie wakubwa yote, pamoja na zile siku nne, kisha kile kikomo na namba zote zibandike kwenye mlango wa kabati la vidhibiti, anayekuja nyuma yako aone.

Nafasi ya mzee usiiguse. Wakikufukuza, njoo kwangu, ugali wa bogobe upo na kitanda kipo. Ila usipige hodi kwangu kabla hujapiga kwake.