Sofa ya Nyanya

Ijumaa, Agosti 1994

Ameketi! Nyanya ameketi kwenye sofa, na sasa hashuki.

Wiki nzima nimekuwa nikimbembeleza. Wapagazi walitoka jasho kuipandisha ngazi zetu nyembamba hapa Ndia Kuu, naye akaipa mgongo. "Mimi nimezaliwa mkekani. Kiti cha Kizungu sikitaki." Na magoti yale! Kila akiinuka kutoka chini nayasikia yakilia, nami roho yaniuma. Naogopa siku moja ata...

Leo nilikuwa natayarisha somo la Kiingereza la wanafunzi wangu, nikafungua kamusi kubwa. Kumbe neno sofa Wazungu wamelitoa kwa Waarabu: suffa, yaani baraza ya kukalia. Nikamsomea Nyanya kwa sauti, kwa ubishi tu.

Nyanya, ambaye amesomesha watoto Kurani umri wake wote, aliacha kuvuta tasbihi.

"Suffa? Ile ya Masahaba mafukara, waliokuwa wakilala msikitini kwa Mtume wetu?"

"Ndiyo hiyo hiyo, Nyanya."

"Na wewe wiki nzima waniimbia sofa, sofa! Si ungesema?"

Akajifunga leso vizuri, akasema bismillahi, akapanda.

Jioni nikaja na kikombe changu cha chai, niketi kando yake nami nionje raha. Akanitazama tangu utosini hadi unyayoni.

"Wewe, una udhu?"

Chai nimeinywa mkekani.